Mwanagenzi Asiachwe Peke Yake



Mwaka jana kijana mmoja aliyeingia katika Islam kwa hiari ya moyo wake, na ambaye jamaa zake walikuwa wameacha kumsaidia kwa sababu hiyo, alipata nafasi ya kujifunza ufundi wa magari katika gereji moja hapa mjini. Tulifurahi sana. Ijumaa ile tulimwombea dua, tukampa mkono, kisha kila mtu akaenda kwake. Mwezi wa nne akaacha kazi. Wengi wetu tulisema, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema, kwamba vijana wa siku hizi hawana subira.

Baadaye ndipo tulipoujua ukweli. Alikuwa akienda kwa miguu mwendo wa saa moja na nusu asubuhi, na mwendo kama huo jioni, kwani nauli hakuwa nayo. Mchana wenzake walipokwenda kwa mama ntilie yeye alijifanya amefunga saumu. Siku moja alikaza kizibo cha oili kupita kiasi kikaharibika, akaambiwa akilipe. Yeye aliyekuwa halipwi hata senti moja angelipa kwa kitu gani? Akaona haya kurudi, akabaki nyumbani. Nasi tuliosimama naye bega kwa bega katika sala kila Ijumaa, hatukumwuliza hata mara moja: Je, mchana unakula nini?

Siandiki haya kwa kumlaumu mwenye gereji, ambaye huenda naye alifundishwa hivyo hivyo. Nayaandika kwa sababu nimeona haya mwenyewe. Na jambo ninalotaka kulieleza ni hili: mtu anayejifunza kazi akiwa kazini ana haki juu ya ndugu zake wa imani, na kumtimizia haki hiyo ni sehemu ya dini, wala si hisani ya wachache wenye mioyo laini.

Wazee wetu humwita mtu wa namna hii mwanagenzi, yaani aliye bado mgeni katika kazi. Katika miji ya pwani, kama vile Lamu na Unguja, ambako ufundi wa vyombo vya bahari na uchongaji wa milango umerithishwa vizazi kwa vizazi, kijana hakuokota ujuzi njiani. Alipelekwa na mzazi au mjomba wake akakabidhiwa kwa fundi mbele ya watu. Fundi alimjua kijana na alijua nyumba anayotoka, na kijana alijua kwamba nyuma yake wapo watu. Alipohitimu, fundi alipewa kilemba chake kwa heshima. Sisemi kwamba desturi hiyo haikuwa na dhuluma ndani yake. Wapo waliotumwa maji na kuni miaka mizima kabla hawajashikishwa patasi. Lakini hata hivyo kijana hakwenda peke yake.

Siku hizi mambo yamekuwa mengine. Hapa Tanzania Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ijulikanayo na wote kwa jina la VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na wanafunzi wa ufundi hupelekwa viwandani, katika gereji na mahotelini wakajifunze kwa vitendo. Huko Kenya nako ipo Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Hiyo ni kazi njema, nasi tunapaswa kuishukuru. Lakini cheti hakimwulizi mtu amelala wapi, wala mtaala haujui kwamba baba wa kijana huyu amekataa kumwona. Mambo hayo yanahitaji binadamu.

Sasa na tuitazame Kurani Tukufu, kwani humo tunamkuta mwanagenzi mmoja mkubwa sana. Katika Sura Al-Qasas, ambayo ni sura ya 28, tunaelezwa jinsi Nabii Musa a.s. alivyotoka Misri akiwa mkimbizi mwenye hofu, akafika Madyan. Hakuwa na chakula, hakuwa na mwenyeji, na kazi aliyokuwa anaijua haikuwa na faida yoyote mahali pale, kwani alilelewa katika nyumba ya Firauni, na mtu aliyelelewa katika jumba la mfalme hafahamiki kwa kuchunga kondoo. Aliwanyweshea wanyama mabinti wawili waliokuwa wakingoja pembeni, kisha akaenda kuketi kivulini, akamwomba Mola wake kwa unyenyekevu, akikiri kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa.

Ndugu msomaji, tafadhali angalia kwa makini mpangilio wa mambo yaliyofuata. Kwanza baba wa mabinti wale, ambaye Kurani haikumtaja jina wala sisi hatuna haja ya kubishana juu ya jina lake, alimwita nyumbani ili ampe ujira wa kazi aliyokwisha ifanya. Pili, alimsikiliza, Musa a.s. alimsimulia habari zake zote. Tatu, kabla ya kutajwa mkataba wowote, mzee alimwondolea hofu, akamhakikishia kwamba ameokoka na watu wale wadhalimu. Baada ya hayo tu ndipo yalipokuja mapatano: kazi ya miaka 8, na akipenda kutimiza 10 iwe ni kwa hiari yake, pamoja na ahadi ya mzee kwamba hataki kumtaabisha. Musa a.s. akakubali, akasema kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoutimiza asidhulumiwe, na Mwenyezi Mungu ndiye shahidi juu ya waliyosemezana.

Ni mambo mangapi yamo humo! Muda ulijulikana. Malipo yalijulikana. Mwenye kazi alijifunga kwa neno lake kwamba hatakuwa mzito. Na juu ya yote hayo mgeni alitulizwa moyo kwanza. Sisi mara nyingi tunaanza upande wa pili: siku ya kwanza kijana husomewa makosa na adhabu zake, na yale ya moyoni mwake hayaulizwi na mtu mpaka siku anapotoroka. Baada ya kutimiza muda wake, mchunga kondoo yule wa Madyan alitoka na watu wa nyumbani mwake, akiwa njiani akaitwa na Mola wake, akatumwa kuliongoza taifa zima. Sidhani kwamba miaka ile ya kuchunga ilikuwa imepotea.

(Wako mafundi wanaopenda kutaja kisa kingine cha Musa a.s., kile cha Sura Al-Kahf, alipofuatana na mja mmoja wa Mungu aliyepewa elimu akaambiwa asiulize neno. Wao hukifanya kuwa hoja ya kuwanyamazisha wanaojifunza. Lakini mbona hawakisomi mpaka mwisho? Mwalimu yule alimwonya mapema kwamba safari itakuwa ngumu, akamsamehe mara ya kwanza na ya pili, na walipoachana alimweleza maana ya kila alichokifanya, hakumficha hata kimoja.)

Ama Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w. alitufundisha jambo hili kwa mkono wake mwenyewe. Katika Hadithi iliyomo kitabuni mwa Abu Daud tunasoma kwamba alimpita kijana mmoja aliyekuwa akichuna ngozi ya mbuzi na hawezi kuifanya kazi ile vizuri. Mtume s.a.w. akamwambia asogee ili amwonyeshe. Kisha akautia mkono wake baina ya ngozi na nyama, akausukuma ndani hata ukafichika mpaka kwapani, halafu akaenda zake kuwasalisha watu. Fikirini, ndugu zangu. Huyu alikuwa mtawala wa Madina, kadhi wake, na imamu aliyekuwa akingojewa msikitini. Hatusomi kwamba alimkemea kijana, wala kwamba aliwaita watu waje waone jinsi asivyojua. Alisimama kitambo kidogo tu, akaingiza mkono wake katika kazi ya mwingine, kijana akaona jinsi inavyofanywa. Aliyewahi kujifunza ufundi wowote anajua thamani ya kitambo kama hicho. Mtu hukikumbuka mpaka uzeeni.

Katika Hadithi nyingine, iliyopokewa na Hadhrat Abu Dharr r.a. na iliyomo katika Sahihi Bukhari, aliulizwa juu ya matendo yaliyo bora. Akataja kumwamini Mungu na kupigana katika njia Yake, akataja kumwacha huru mtumwa. Na alipoulizwa, je, asiyeweza hayo, akataja kumsaidia mwenye kufanya kazi, au kumfanyia yule asiyejua kazi. Kumbe basi kumshikia ubao fundi seremala anayeanza, ili msumeno wake usipotoke, ni jambo lililotajwa katika mlango mmoja na kuwapa watu uhuru wao!

Tena yuko Hadhrat Anas bin Malik r.a., aliyeletwa kumtumikia Mtume s.a.w. akiwa mtoto wa miaka kama 10, akakaa naye miaka 10. Yeye mwenyewe alishuhudia kwamba katika muda huo wote hakuguniwa hata mara moja, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hivi au kwa nini hukufanya vile. Siku moja alitumwa kazi. Kwa utoto wake akasema haendi, ingawa moyoni alikuwa amekusudia kwenda. Akatoka, akawakuta watoto wenzake wanacheza sokoni, akasimama hapo. Mara akahisi mtu amemshika shingo kutoka nyuma. Akageuka, akamwona Mtume s.a.w. anacheka. Akamwita kwa jina la kudekeza, Unais, akamwuliza kama amekwenda alikomtuma. Mtoto akajibu kwamba naam, anakwenda.

Mimi nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na nakiri kwamba Hadithi hii hunitahayarisha. Kazi ilikuwa imechelewa. Mtumwa-kazi alikuwa amesema haendi, na amekutwa akitazama michezo. Mwalimu mkuu wa walimwengu akacheka. Lakini pia hakuifuta kazi; alimkumbusha, na mtoto akaenda. Upole wake haukuwa ulegevu. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa wale waliotuhifadhia Hadithi nyingi sana. Laiti angalivunjwa moyo akiwa na miaka 11, tungalikosa mangapi?

Nami nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, nchi ya baridi ambako sikuwa na ndugu, tulipelekwa katika jumuiya ndogo ndogo tukajizoeze kuhutubu na kusalisha. Mara yangu ya kwanza nilisahau aya katikati ya sala, nikarudia, nikasahau tena, jasho likanitoka na nje kuna theluji. Baada ya sala mzee mmoja aliniketisha karibu na jiko lake, akanimiminia chai, akaniuliza habari za mama yangu. Juu ya ile aya hakusema neno mpaka kesho yake, tena tukiwa wawili tu. Sijui ningefanya nini kama angenikosoa palepale mbele ya watu. Labda leo ningekuwa nauza duka.

Sasa niwageukie hasa nyinyi mlioingia Islam karibuni, pamoja na nyinyi ambao bado mnaichunguza. Katika nchi zetu kazi mara nyingi hupatikana kwa njia ya jamaa: mjomba anamjua msimamizi, shangazi anamjua mwenye cherehani kumi. Mtu anayetengwa na jamaa zake kwa sababu ya imani yake hukosa pia mlango huu, wala watu hawautambui msiba huo kwa kuwa hauna matanga. Muhajirina waliotoka Makka walikuwa katika hali hiyo hiyo, na Mtume s.a.w. aliwaunganisha na watu wa Madina wawili wawili, udugu wa mtu na mtu. Hadhrat Abdurrahman bin Auf r.a. aliunganishwa na Hadhrat Saad bin Rabi r.a., naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali hiyo, akaomba aonyeshwe soko. Akaonyeshwa, akaanza na biashara ya jibini kavu na samli.

Watu hupenda kumsifu Abdurrahman kwa kutotaka mali ya mwenzake, na ni haki yake kusifiwa. Lakini soko hakulijua mwenyewe, alionyeshwa. Hicho ndicho kitu ambacho mwenyeji anacho na mgeni hana, tena hakimpunguzii mwenyeji hata senti moja. Ewe uliyefanya kazi kiwandani miaka 20, wewe unajua ni msimamizi gani mwenye huruma, ni karatasi gani inadaiwa, ni siku gani ya kwenda. Kwa nini kijana wa msikiti mmoja nawe ayajue hayo kwa kupigwa na dunia?

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya watu wa dini peke yao. Ujerumani, nchi inayosifiwa kwa namna inavyowafundisha vijana wake nusu shuleni na nusu kazini, tangu mwaka 1969 ina sheria inayomlazimu mwenye kufundisha kazi kuitunza tabia ya kijana na kumkinga na madhara ya mwili na ya maadili, na kumpa posho inayoongezeka mwaka hata mwaka. Na mnamo Juni 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Pendekezo namba 208 juu ya uanagenzi ulio bora, likataja ujira, usalama, na kinga dhidi ya unyanyasaji. Walimwengu wamefika hapo kwa uzoefu mrefu. Lakini sheria humfikia mwenye gereji kwa nje tu. Haiwezi kumfanya acheke pale kazi inapochelewa.

Juu ya binti zetu nitasema waziwazi. Msichana anayejifunza kazi hotelini au katika ofisi huweza kukutana na mkubwa anayetaka malipo ya haramu kwa ajili ya kumtilia sahihi kitabu chake cha mafunzo. Asipokuwa na mama mmoja katika jumuiya anayemwuliza mara kwa mara, tena faraghani, atanyamaza. Akinyamaza, sisi tutakuja kumhukumu kwa jambo ambalo tungaliweza kulizuia. Kina mama wa kila tawi walichukue jambo hili mikononi mwao, wasingoje wanaume.

Wako watakaouliza kama msaada wa namna hii hautawafanya vijana kuwa wategemezi. Swali hili ni la haki. Abu Daud amepokea habari za mtu mmoja wa Madina aliyekuja kuomba. Mtume s.a.w. akamwuliza nyumbani ana nini. Alikuwa na nguo moja nzito, waliyoitandika nusu na kujifunika nusu, pamoja na bakuli la maji. Vitu hivyo vikanadiwa, vikapatikana dirham 2. Dirham moja akaambiwa anunulie watu wake chakula. Ya pili anunue shoka. Mtume s.a.w. akatia mpini katika shoka lile kwa mkono wake, akamtuma akakate kuni akauze, na kwamba asimwone kwa siku 15. Akarudi na dirham 10. Chakula kilitangulia shoka, kwa sababu mwenye njaa hakati kuni. Na siku za kurudi zilitajwa, ili msaada usiwe wa milele, wala mtu asiachwe mpaka asahauliwe.

Hivyo ndivyo tulivyojaribu kufanya kwa kijana wetu yule, tukiwa tumekwisha kuchelewa. Yuko mzee mmoja katika jumuiya yetu aliyejifunza kazi katika karakana za reli Nairobi, zamani za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977. Huyo hakungoja mkutano wetu. Alivaa koti lake akaenda gereji, akamwamkia mwenyewe, akasema: "Mimi ni baba wa yule mtoto. Nimekuja kuuliza kizibo kilikuwa bei gani." Fundi alishangaa, kwani alikuwa anaamini kwamba kijana hana mtu. Wakaongea mambo ya injini mpaka alasiri. Bei ya kizibo ikagawanywa nusu kwa nusu, na mapatano yakaandikwa kwenye karatasi: muda, saa za kazi, ruhusa ya sala, na mlo mmoja kila siku ya kazi utakaotolewa na gereji. Kila mwisho wa mwezi mzee hupita hapo kusalimu.

Kijana amerudi, na kwake bado miezi minane. Nauli ya miezi mitatu tumeipata kwa mchango wa watu sita. Ya miezi mitano iliyobaki haijapatikana.